Usiifute Hasi

Asanteni, kaeni. Walionisikia mwaka jana wanivumilie. Nimerudi na jambo lilelile, la kufuta alama ya hasi mkondo unapotoka hasi kwenye hesabu ya saketi, kwa sababu hamjaliacha.

Betri mbili. Moja ya volti 14, nyingine ya volti 12, kila moja na ukinzani wa ndani wa omu 1. Zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya, zinalisha mzigo wa omu 12. Mafundi wa sola wanaijua hii: betri mpya na betri kuukuu kwenye waya mmoja. Mkondo wa ile ya pili unaelekea wapi?

Nikiuliza hivyo darasani, kipindi kinakwisha watu wakibishana. Kalamu ziko chini! Chora mshale wa mkondo, ndugu yangu. Wowote. Mimi nachora unaotoka kwenye betri, zote mbili, basi.

Makutano ya juu, pale waya zinapokutana, yape volti V; ya chini ni sifuri. Mikondo inayoingia ni sawa na inayotoka, na kila mkondo ni tofauti ya volti kugawa kwa omu: (14 − V) + (12 − V) = V/12. V ni 12.48. Betri ya kwanza inatoa ampea 1.52, mzigo unachukua 1.04, na ya pili ni hasi 0.48. Hapo kijana mmoja alishika ufutio. "Mwalimu, nimekosea, imetoka hasi." Hujakosea, mwanangu! Betri ya pili haitoi, inachajiwa, na saketi imekwambia hivyo kwa kialama kidogo unachotaka kukifuta. Afadhali huyo. Yuko mwenzake anayegeuza mshale katikati ya hesabu, akabaki na milinganyo miwili isiyosikilizana.

Mtaniambia mzoefu huuona mwelekeo kwa macho. Haya, mzoefu, badilisha mzigo uwe omu 6. V inakuwa 12 kamili; betri ya pili haitoi wala haipokei. Weka omu 2: V inashuka hadi 10.4, na betri ileile sasa inatoa ampea 1.6. Betri hatujazigusa. Macho yako yalikuwa wapi?

Kirchhoff, mwanafizikia Mjerumani, alizitoa sheria zake za kujumlisha mikondo na volti mwaka 1845, akiwa mwanafunzi kule Königsberg. Alitaka tujumlishe, kupiga ramli hakututuma.

"Na diodi je?" Nilijua tu, tena kutoka nyuma. Diodi ina mlango, inapitisha mkondo upande mmoja tu; rezista, yaani kikinzani, haina. Ukidhani diodi inapitisha, kisha mkondo wake ukatoka hasi, dhana imekufa: ichukulie imekatika, anza upya. Kwenye rezista hasi unaisoma na kuendelea. Msizichanganye.

Sasa kuchagua njia ya hesabu, harakaharaka, maana mwenyekiti anatazama saa. Hesabu makutano, toa moja: ndiyo idadi ya milinganyo ukitumia volti za makutano. Hesabu matawi, yaani njia kati ya makutano na makutano, toa makutano, ongeza moja: ndiyo idadi ya milinganyo ukitumia vitanzi, yaani mizunguko iliyofungwa ya saketi. Yetu ina matawi 3 na makutano 2, kwa hiyo makutano yanadai mlinganyo mmoja, vitanzi viwili. Nani apendaye kazi ya ziada? Ukienda na vitanzi, vizungushe vyote upande mmoja, kama mishale ya saa, na tawi linaloshirikiwa na vitanzi viwili utalipata kwa kutoa. Betri isiyo na ukinzani ikikaa kati ya makutano mawili, njia ya makutano inasumbua kidogo; tutalizungumza nje.

Thévenin, na njia yake ya kurahisisha saketi, nilimwandalia ukurasa mzima, namwacha. Ulizeni maswali. Ila atakayeuliza elektroni zinakwenda upande gani, chai ya leo ni juu yake.