Kabla ya Kupanda Basi la Dar: Maneno kwa Wanaokwenda Kusomea Theolojia

(Mhadhara kwa vijana wa makanisa, Masasi)

Bwana Yesu asifiwe. Nasema na ninyi mnaotaka kwenda Dar es Salaam kusoma katika seminari huru, ile isiyo chini ya dhehebu lolote.

Usajili nitaupitia upesi. Vyuo vya cheti na stashahada viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi; shahada ziko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Uliza mambo mawili: chuo kimesajiliwa? Na kozi yenyewe ina ithibati, yaani imekaguliwa na kukubaliwa? Chuo kinaweza kuwa na la kwanza kikakosa la pili. Soma pia sifa za kujiunga, kwa maana kozi nyingi za cheti zinadai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Kuna vijana wanaohesabu somo la Biblia kuwa la nne, kumbe wana matatu.

Sasa saa. Krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka una krediti 120. Hizo ni saa 1,200 za darasani, maktabani na chumbani. Zigawe kwa majuma 30, ni saa 40 kila juma. Anayepanga kuendesha bodaboda kutwa ili ajilipie ada amejitwisha kazi mbili kamili, na somo linaloanguka kwanza huwa ni Kigiriki, lugha ya Agano Jipya.

Hapo kwenye Kigiriki nataka tukae, maana ndipo wengi wanapokata tamaa bila sababu. Agano Jipya lina maneno tofauti yapatayo 5,400. Lakini yale yanayotokea mara 50 au zaidi ni kama 310 tu, nayo yanabeba karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Maneno 5 kwa siku, miezi miwili umeyamaliza, ungali hapa Masasi. Kata manila vipande vidogo, mbele Kigiriki, nyuma maana. Rudia kesho, rudia siku ya tatu, rudia ya saba. Ila jifunze kwanza herufi zenyewe 24. Anayeandika Kigiriki kwa herufi zetu hukwama siku anapofunguliwa kitabu.

Msemaji wa Kiswahili hafiki mikono mitupu. “Kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea”: upatanisho huu sikio lako limeuzoea tangu utotoni, na Kigiriki nacho kinapatanisha nomino na kivumishi, ingawa chenyewe hubadilisha mwisho wa neno. Yohana 19:30 neno ni “tetelestai”, jambo lililotimia na hali yake ikabaki. Biblia yetu inasema “Imekwisha”, na ile -me- inalibeba vizuri mno.

Tunapojikwaa ni kwenye mpangilio wa maneno. Mwisho wa Yohana 1:1 maneno yamepangwa “theos ēn ho logos”. Ukifuata mpangilio utasema Mungu alikuwa Neno. Kinachoonyesha mtenda ni ile “ho”, neno dogo linalotangulia nomino, hapa “logos”. Kwa hiyo, Neno alikuwa Mungu. Vilevile, “mwili” wetu mmoja unafunika maneno mawili: “sarx” ya Wagalatia 5 inayoshindana na Roho, na “sōma” ya 1 Wakorintho 12, mwili wa Kristo. Mhubiri asiyejua tofauti hiyo anaweza kuufundisha mwili kama adui pale Paulo anapousifu. Basi kwenye kadi usiandike “mwili” peke yake. Andika na mstari neno lilipotoka.

Ada. Masomo huanza Oktoba au Novemba, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza imeanza na wazazi wengi hawajalipwa. Omba kulipa kwa awamu, kwa barua, kabla ya siku ya kujisajili. Ukisubiri mpaka wiki ya mitihani, utazuiwa mlangoni.

La mwisho linaumiza zaidi kwa sababu hugunduliwa baada ya miaka mitatu. Seminari huru inatoa elimu. Daraja la uchungaji linatoka kwa kanisa lako. Kanisa linaweza kukudai mwaka mwingine wa liturujia, sakramenti na katiba yake. Nenda kwa viongozi wako sasa, waulize watakitambua cheti hicho kwa masharti gani, na jibu liwe kwa maandishi, lenye sahihi na muhuri. Nakala moja ibaki ofisini kwa parokia au usharika, nyingine uifunge pamoja na vyeti vyako vya shule.