Mac, Ó na Ap: Viambishi katika Majina ya Koo za Waselti

Mabibi na mabwana, tuanze kwa kuondoa dhana moja kuhusu majina ya Waselti, yaani watu wa Ayalandi, Uskoti, Wales, Kisiwa cha Man na Cornwall. Husemwa kwamba Mc ni ya Waayalandi na Mac ni ya Waskoti. Si kweli. Mc, pamoja na M' ya hati za zamani, ni ufupisho tu wa Mac, na herufi hizo hazimwambii mtu asili ya ukoo.

Mac ni mwana wa kiume. Kazi yake ni ile ya "bin" katika majina ya pwani yetu. Ó, iliyoandikwa ua hapo kale, ni mjukuu, na kwa upana ni mzawa wa fulani. Maneno haya ni makongwe: mawe ya Ayalandi yaliyochongwa kwa Ogham, maandishi ya kale ya mikwaruzo, mengi ya karne ya 5 na ya 6, yana MAQI, yaani "wa mwana wa", na AVI, "wa mjukuu wa". Wakati huo yalimtaja baba au babu halisi. Kurithiwa kama jina la ukoo kulishika kasi karne ya 10 na ya 11. Brian Boru, mfalme wa Ayalandi aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, hakuwa O'Brien. O'Brien ni wazawa wake.

Penye utamu zaidi ni majina ya wanawake. Binti wa ukoo wa Ó Briain, ndiyo O'Brien kwa Kiayalandi, haitwi Ó, kwani yeye si mjukuu wa kiume. Ni Ní Bhriain. Mwanamke aliyeolewa katika ukoo huo huitwa Bean Uí Bhriain, au Uí Bhriain tu. Kwa Mac, binti ni Nic na mke ni Mhic. Tazameni B ilivyogeuka Bh: Ní na Uí hulainisha konsonanti inayofuata. Nic nayo hulainisha, ila huziacha C na G, ndiyo maana binti wa Mac Cárthaigh ni Nic Cárthaigh. Anayeandika "Ní Briain" amekosea sarufi, si tahajia tu.

Ó ikikutana na irabu huzaa h: Ó hEadhra, kwa Kiingereza O'Hara. Kiambishi kikidondoka, h hubaki imeng'ang'ania, na Ó hUiginn akawa Higgins. Mac nayo huacha mkia: c yake ilihamia Keogh, kutoka Mac Eochaidh, na umbo lake la Mag likazaa Maguire. Katika Kisiwa cha Man imemezwa karibu yote. Quayle ni "mwana wa Paulo".

Wales hutumia ap, na ab mbele ya irabu, kutoka mab, ndugu wa mac. Ap Rhys ni Price, ap Hywel ni Powell, ab Owen ni Bowen. Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ni habari nyingine: Tre, Pol na Pen ni makazi, bwawa na ncha ya nchi, hazihusu baba wa mtu.

Na Fitz? Hiyo ni ya Wanormani, wavamizi waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kutoka neno la Kifaransa la mwana. Lakini Fitzpatrick ni Waayalandi hasa: Mac Giolla Phádraig, mwana wa mtumishi wa Mtakatifu Patrick, aliyevishwa kanzu ya kigeni.

Kwa anayetafuta ukoo kwenye kumbukumbu: chini ya utawala wa Kiingereza, hasa karne ya 17 na ya 18, wengi waliacha Ó na Mac, kisha mwishoni mwa karne ya 19 wengi wakazirudisha. Basi tafuta Sullivan na O'Sullivan pia, bila kuruka moja. Na usidhani kilichorudishwa ndicho kilichoachwa. Wale Gorman wa Clare, magharibi mwa Ayalandi, walikuwa Mac Gormáin. Baadhi yao walipokitafuta kiambishi chao, wakajiita O'Gorman.