Mbalamwezi je? Njia za kuingia kwenye kazi ya afya ya akili

Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha nne na wazazi wao, Nyamagana, Mwanza

Mwangaluka! Wazazi, walimu, na ninyi wanangu mnaonitazama kama mnaongojea chai.

Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili miaka thelathini na ushee, na kila nikialikwa naulizwa lilelile: "Mama, kazi hiyo lazima niwe daktari?" Hapana. Hapana hiyo nimeisema mpaka imechakaa. Udaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni miaka 5 ya chuo, 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha 3 ya uzamili. Tisa, kama hukurudia mwaka. Anayeweza aende, tunamhitaji. Lakini saa nane usiku wodini, anayekaa na mgonjwa ni muuguzi.

Mlango wa muuguzi na wa tabibu, yaani clinical officer, unaanzia hapohapo mlipo, kidato cha nne: ufaulu wa sayansi, Baiolojia na Kemia zikiwemo, halafu stashahada ya miaka 3. Ukishapata leseni unajiendeleza kwenye afya ya akili. Wengi wetu tulipitia Mirembe, Dodoma, hospitali iliyopo tangu 1927. Na wewe uliyeikimbia Kemia, kaa kwanza. Kwenye ustawi wa jamii hakuna anayekuuliza Kemia. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam ilianzishwa 1973 na bado inafundisha. Saikolojia nayo ni shahada, ila usijiite mwanasaikolojia tiba kabla hujasoma uzamili.

Sasa niseme kilichonitoa nyumbani. Vyeti vya wiki mbili! Mtu anakaa semina, anapigwa picha na cheti, Jumatatu ana bango: Mnasihi.

Mwaka mmoja nilipewa mwanafunzi wa fildi, binti hodari, maksi zake zilinitia wivu. Tulikwenda kutoa huduma ya mkoba kwenye mwalo mmoja, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, upande wa Ilemela. Akaletwa mvuvi wa dagaa, kijana, kaletwa na dada yake: kaka hapati usingizi. Binti akaongea naye, akaniletea daftari. Ameandika: "Hana tatizo. Ni mvuvi wa dagaa, usiku yuko ziwani."

Nikamuuliza, mbalamwezi je?

Akanitazama. Watoto wa mwaloni naona mmeshacheka. Kwa asiyejua: dagaa huvuliwa gizani kwa sababu hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, mitumbwi inalala mchangani, watu wanashona nyavu na kujipumzisha. Siku hizo analala? Hakuuliza.

Nikamkalisha chini ya mwembe aandike mazungumzo yote, neno kwa neno: mimi nikasema, yeye akajibu. Alilia kidogo. Alipomaliza akaona mwenyewe kwamba kijana alianza mara tatu, "Tangu mdogo wangu...", na mara zote tatu alimkatiza kwa "pole" na swali linalofuata kwenye fomu.

Akarudi. Safari hii alinyamaza, na mimi niliyekaa pembeni kile kimya kilinitoa jasho. Kijana akasema. Mdogo wake alizama usiku wa dhoruba, walikuwa mtumbwi mmoja, na akifumba macho anasikia anaitwa. Wakati wa mbalamwezi ndiyo mbaya zaidi, maana hakuna wavu wa kuvuta.

Hilo hulipati kwenye semina. Unalipata kwa mtu aliyekaa nyuma yako, anayesoma daftari lako na kukuudhi. Kwa hiyo mzazi, ukifika chuoni baada ya kuuliza ada na kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo hivi, uliza: mwanangu atafanya fildi wapi, na nani atamsimamia?

Najua kuna anayesema moyoni, bibi zetu walisomea wapi kusikiliza? Sawa. Zimbabwe bibi wanawasikiliza watu kwenye benchi tangu 2006, mpango wa daktari Dixon Chibanda. Lakini bibi wale wanafundishwa, wanasimamiwa, na yakiwazidi wana pa kumpeleka mtu. Aliyekuuzia cheti atapokea simu yako usiku mtu akikuambia anataka kujiua?

Na yule mama wa mstari wa pili anayeogopa mwanawe "ataambukizwa". Mama, miaka thelathini. Niangalie. Haya, usiniangalie sana.

Ajira? Nilijua litakuja. Hazitoshi, sitawadanganya. Ila mwenye leseni ya uuguzi ana pa kuanzia, hata kama kitengo cha akili hakimwiti leo.

Nilikuwa bado na ya kusema: mikopo ya masomo, tiba kwa kazi, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, inayofundishwa hospitali ya KCMC kule Moshi, na huduma za methadoni, dawa ya kuwatibu walioathirika na heroini. Mwalimu ananionyesha saa. Mikopo muulizeni yeye, ana kompyuta.

Ndiyo, wewe wa nyuma. Kijana alianza kulala? Alianza, lakini si wiki hiyo wala mwezi huo. Tulimpeleka hospitali, na binti akawa anakwenda kumwona kila wiki mpaka fildi ikaisha. Kwanza akaweza kulala mchana, akitoka ziwani. Kulala usiku wa mbalamwezi kulichukua muda zaidi.