Mhariri aliyefukuzwa kwa ajili ya picha

Haya jamani, wa nyuma mnasikia? Leo nawaletea Tom Hopkinson, Mwingereza, kazaliwa Manchester 1905, na wala hakuwa mpigapicha, mtu wa kalamu tu, ila watu wa kamera aliwabeba kweli.

1940 anakabidhiwa Picture Post pale London, jarida la picha, kila wiki linauza nakala zaidi ya milioni. Sheria yao sasa, jina la mpigapicha haliandikwi. (Nyie mnaijua hiyo, picha yako inazunguka mtandaoni, wewe hutajwi.) Februari 1941, mabomu ya Wajerumani yanaunguza London, mpigapicha wao Bert Hardy kaingia na zimamoto mpaka kwenye moto wenyewe. Picha zilivyotoka, jarida likavunja sheria yake likaandika nani kazipiga. Kamstari kadogo tu, lakini kwa Hardy ule ulikuwa mshahara wa pili.

1950, Hardy huyohuyo yuko kwenye vita vya Korea na mwandishi James Cameron, wanarudi na picha za wafungwa wa kisiasa wanavyotendewa unyama na serikali ya Kusini, ambayo ndiyo hiyo Umoja wa Mataifa unaipigania. Mwenye jarida, Edward Hulton, hataki zitoke, Hopkinson anazipeleka kuchapwa, Hulton anasimamisha mitambo. Hopkinson hakujiuzulu ng'o, akafukuzwa. Picture Post ilifungwa 1957 lakini mimi nasema ilianza kufa siku ile.

1958 yuko Johannesburg, Afrika Kusini, anahariri jarida la Drum. Machi 21, 1960, Ian Berry, mpigapicha wa Drum, yuko Sharpeville, mtaa wa Waafrika, watu wanaandamana kupinga sheria za ubaguzi, polisi wanafyatua risasi, watu wanakimbia kumjia yeye, na kuna mtoto mmoja kavuta koti lake juu ya kichwa kama vile mvua inanyesha, kama vile koti linazuia risasi. Ikazeni macho hiyo picha, msiipite haraka. Walikufa watu 69, na picha za Berry baadaye zilitumika mahakamani kuonyesha kwamba wale watu hawakuwa na kosa.

Halafu huyu mzee, 1963, akaja zake Nairobi, akawa anafundisha waandishi wa habari wa Kiafrika mpaka 1966. Kwa hiyo kama kwenu kuna babu aliyefanya kazi gazetini miaka ile, muulize, usishangae akakwambia alikaa darasani kwake.

Haya, nani ana swali?