Jina la Mtumiaji Likae kwa Nani?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi mnauliza itifaki ipi, yaani kanuni zipi za kompyuta kuwasiliana, inafaa kujengea mtandao wa kijamii usiomilikiwa na kampuni moja. Nami nawauliza: jina la mtumiaji wenu litakaa kwa nani?

Sisi Uganda swali hili tunalijua kwa machungu. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa. Intaneti ilirudi, Facebook ikabaki imefungwa miaka na miaka. Aliyekuwa akiuza vitenge kwenye ukurasa wake kule alibaki na VPN, programu ya kupita kizuizi, la sivyo aanze upya kutafuta wateja.

Katika itifaki ya ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018 na inayotumiwa na mtandao wa kijamii wa Mastodon, jina lina sehemu mbili: la mtu na la seva, kompyuta inayotunza akaunti. Seva ikifa ghafla, jina limekwenda nayo. Kuhama na wafuasi kunawezekana, lakini seva ya zamani lazima iwe hai, na maandishi yako ya nyuma hayahami.

AT Protocol, itifaki ya kampuni ya Bluesky, imetenganisha kitambulisho na seva, na akaunti inahamishika na maandishi yake. Ubunifu huo naupenda. Ila kukusanya ujumbe wa mtandao mzima kunataka mashine na fedha ambazo kikundi cha mjini Gulu hakina, kwa hiyo kitaishia kuitegemea kampuni ileile.

Katika itifaki ya tatu, Nostr, kila mtumiaji ana funguo mbili za siri na wazi, yaani mifuatano mirefu ya herufi na tarakimu: wa wazi ndio jina lako, wa siri unatia sahihi kila ujumbe. Rilei moja, yaani seva ya kupitishia ujumbe, ikifungwa, ujumbe uleule unapitia nyingine. Mwandishi wa habari anayehofia kufungiwa ningempa hiyo bila kusita. Lakini fikirieni simu inayonyakuliwa kwenye foleni ya magari ya Jinja Road, Kampala, ufunguo wa siri umo ndani. Kama hukuuhifadhi pengine, akaunti imekwenda. Na hata kama uliuhifadhi, hakuna wa kumpigia akubadilishie nywila. Aliyeufikia ufunguo anaendelea kusema kwa jina lako.

Intaneti ikizimwa kabisa, zote tatu zinanyamaza. Itifaki nyingine, Scuttlebutt, bado hupitisha ujumbe simu kwa simu kwenye Wi-Fi moja, ingawa nakala zake hula nafasi ya simu.

Kwa chama cha akiba au ushirika wa wakulima, mimi nachagua ActivityPub, kwa sharti kwamba kikundi kinunue chenyewe domeni yake, yaani anwani yake ya intaneti, na kuweka nakala ya data mahali pengine kila siku. Mwenye mashine mnayokodi akiwatupa, mnaiwasha seva kwingine kwa majina yaleyale. Na msimamizi ni mtu mnayemjua: atarudisha akaunti ya mzee aliyesahau nywila, na ataelewa tusi lililoandikwa kwa Kiganda au Kiacholi, jambo ambalo kampuni ya ng'ambo hailiwezi vizuri.

Basi kabla ya mstari wa kwanza wa programu, andikeni nani atalipia seva fedha za mfadhili zikiisha.