Kaunta Moja na Mseto: Homiopathi katika Maduka Yetu ya Dawa

Mhadhara uliotolewa mjini Kigoma mbele ya watoa dawa, wanafunzi wa afya na wananchi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, watoa dawa wenzangu, na nyinyi vijana wa vyuo vya afya mliojipanga huko nyuma kana kwamba mnataka kutoroka kabla sijamaliza, nawashukuru kwa kufika. Mada yangu ni finyu. Sitazungumzia waganga wa kienyeji wala maombezi. Nitazungumzia kabati la vioo lililo nyuma ya mtoa dawa, na kile kinachotokea akilini mwa mgonjwa pale punje za sukari za homiopathi, tiba inayotumia dawa zilizozimuliwa kupita kiasi, zinapopangwa humo bega kwa bega na mseto wa malaria, amoksilini na panado.

Nina vitu viwili hapa mezani. Cha kwanza ni pakiti ya mseto, ambayo kila mmoja wenu anaifahamu, na ubavuni imeandikwa kwamba kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Cha pili ni kichupa cha plastiki chembamba, kirefu kama kidole, kilichofika hapa kutoka ng'ambo ya ziwa na chenye maandishi ya Kifaransa. Juu yake pana jina la Kilatini, kisha namba 30 na herufi CH. Ndani mna punje nyeupe za mviringo, na ukiweka moja ulimini utaonja utamu tu, kwa sababu ni sukari ya miwa na sukari ya maziwa. Kigeuzeni mtakavyo, hamtaona neno miligramu. Hilo halikusahauliwa kiwandani. Hakuna cha kupimwa kwa miligramu, na namba hiyo 30 ndiyo inayoeleza kwa nini.

Aliyeanzisha tiba hii ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755 na kufariki Paris mwaka 1843. Mwaka 1790, akiwa mzima wa afya, alijijaribia gamba la mti wa sinkona, ambalo Ulaya ilikuwa ikilitumia kutibu homa za vipindi, yaani malaria. Alijisikia dalili zilizofanana na za homa hiyo, naye akahitimisha kwamba kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo. Mwaka 1796 aliitangaza kanuni hiyo. Baadaye, mwaka 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walilichunguza gamba lile lile kwa njia nyingine, wakatoa ndani yake kwinini. Sisi watu wa Kigoma tuna sababu ya kukumbuka tawi gani la historia hiyo lilifika hapa. Livingstone, aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, alitembea na vidonge vyenye kwinini ndani yake, na sanduku lake la dawa lilipoibwa mwaka 1867 aliandika kwamba alijiona kama aliyehukumiwa kifo. Alichokililia ni kwinini yenyewe, si kivuli chake.

Sasa turudi kwenye namba. Hahnemann alishauri dawa izimuliwe, na kwamba kadiri inavyozimuliwa na kutikiswa ndivyo nguvu yake inavyoongezeka. Utaratibu ni huu: tone moja la dawa huchanganywa na matone 99 ya maji au alkoholi, likatikiswa kwa nguvu, na hiyo ni hatua ya kwanza. Tone moja la mchanganyiko huo huchanganywa tena na matone 99, na hiyo ni ya pili. Herufi CH zinahesabu hatua hizo. Wengi wenu mmelizoea Ziwa Tanganyika kiasi kwamba hamlioni tena, kwa hiyo nitalitumia kama kipimo. Ziwa hili lina maji takriban kilomita za ujazo 18,900. Ukichukulia kwamba mililita moja ina matone 20, basi dawa iliyofikishwa hatua ya kumi ni sawa na tone moja lililodondoshwa katika karibu robo ya maji yote ya ziwa, kutoka Burundi hadi Zambia. Hatua ya kumi na moja inahitaji maziwa zaidi ya 25 ya ukubwa huu, na ya kumi na mbili inahitaji zaidi ya 2,500. Hapo ndipo hesabu za kemia zinapotuambia kwamba uwezekano wa kukuta hata molekuli moja ya kitu cha awali umeanza kutoweka. Kichupa hiki bado kina hatua 18 mbele yake. Kuna bidhaa ya mafua inayouzwa sana duniani, inayotengenezwa kwa ini na moyo wa bata, ambayo inafikishwa hatua ya 200.

Watetezi wa tiba hii huijua hesabu hiyo, na jibu lao ni kwamba maji hubaki na kumbukumbu ya kilichopita ndani yake. Mwaka 1988 mtafiti Mfaransa, Jacques Benveniste, alichapisha matokeo yaliyoonekana kuwaunga mkono, lakini jaribio liliporudiwa maabarani kwake mbele ya wachunguzi, kwa namna ambayo wapimaji hawakujua chupa ipi ni ipi, matokeo hayakujirudia. Nami huongeza swali la mtu wa pwani ya ziwa: maji yaliyopitiwa na migebuka, dagaa, mitumbwi na meli ya Liemba tangu enzi za Wajerumani yanachaguaje cha kukumbuka?

Hata hivyo haitakuwa haki kuwachora wote wanaoitumia kama wajinga. Katika karne ya 19 daktari wa kawaida aliwatoa wagonjwa damu, akawaharisha na kuwapa zebaki, na katika mlipuko wa kipindupindu wa London mwaka 1854 hospitali ya homiopathi ilipoteza wagonjwa wachache kwa uwiano kuliko hospitali nyingine za jiji. Maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba sukari na maji havikuwaongezea wagonjwa madhara, ilhali tiba za wenzao ziliwaongezea. Leo pia mtaalamu wa homiopathi huketi na mgonjwa kwa muda mrefu, akamwuliza anavyolala, anavyokula, kinachomkera. Sisi kwenye kaunta, foleni ikiwa ndefu, hata jina hatumwulizi. Mafua huisha yenyewe, mgongo huuma na kuacha, na mtu aliyesikilizwa hujisikia nafuu, kisha shukrani zote zinakwenda kwa kichupa.

Kuhusu ushahidi sitawachosha. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokusanywa kwa magonjwa na hali 61, likasema hakuna hata moja ambayo homiopathi imethibitika kwa uhakika kuitibu. Uingereza, mwaka 2017, huduma ya afya ya umma iliwashauri madaktari waache kuiandika. Ufaransa, inakotoka sehemu kubwa ya vichupa hivi, bima ya taifa ilianza kujitoa kidogo kidogo, na tangu tarehe 1 Januari 2021 hairudishi hata senti kwa anayevinunua.

Kuna mzee hapa mbele amenong'ona kwamba basi nawashambulia hata wenye mitishamba. La hasha, mzee wangu, na nashukuru umelitaja, kwa sababu ndiyo mahali watu wengi huchanganya. Mzizi uliochemshwa una vitu ndani yake, na vinaweza kuponya au kudhuru, ndiyo maana inafaa vichunguzwe. Artemetha iliyomo kwenye mseto huu chimbuko lake ni mmea, na mwanasayansi wa China aliyeongoza kazi ya kuupata uponyaji huo, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sheria yetu ya mwaka 2002 imeweka tiba asili na tiba mbadala chini ya baraza moja, na kwa usimamizi hilo lina sababu zake, lakini kikombe cha mwarobaini na punje ya 30 CH ni vitu viwili visivyo na undugu.

Nije sasa kwenye kabati. Mwaka 2009 kamati ya bunge la Uingereza ilimhoji kiongozi wa taaluma wa maduka ya dawa ya Boots, naye akakiri kwamba wateja wanazitaka bidhaa hizi, ila yeye hana ushahidi kwamba zinafanya kazi. Alisema kweli, na bado ziliendelea kuuzwa. Marekani, asasi iitwayo Center for Inquiry iliyashitaki makampuni ya maduka ya CVS na Walmart, na hoja yake haikuishia kwenye maandishi ya paketi. Ilisema kwamba kuziweka bidhaa za homiopathi kwenye rafu moja na dawa za kawaida, chini ya kibao kimoja cha aina ya ugonjwa, ni kumwambia mnunuzi kwamba zote ni dawa za namna moja. Mahakama ya rufaa ya Washington, D.C. mwaka 2022 iliruhusu mashitaka hayo yaendelee. Mimi naona hoja hiyo ni nzito zaidi kwetu kuliko kwao, kwa sababu mteja wetu mara nyingi hasomi paketi iliyoandikwa Kifaransa. Anachosoma ni koti jeupe, kibali kilichotundikwa ukutani, na kidole cha mtoa dawa kinachoelekeza: "Chukua hii." Kila ukipanga kitu kwenye kabati lile, unakikopesha jina la duka lako.

Wala msidhani kwamba kila chenye jina la homiopathi ni kitupu. Zile zilizozimuliwa hatua chache hubaki na kitu. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu dawa ya mafua ya kupaka puani yenye zinki, iliyouzwa kwa jina hilo, baada ya kupokea taarifa zaidi ya 130 za watu waliopoteza uwezo wa kunusa. Mwaka 2017 mamlaka hiyo ilithibitisha kwamba baadhi ya vidonge vya watoto wanaoota meno vilikuwa na beladona, mmea wenye sumu, kwa viwango visivyolingana na vilivyoandikwa. Akina mama waliokuja na watoto mgongoni wanajua namna mtoto anayeota meno anavyomfanya mzazi akubali chochote.

Lakini hofu yangu kubwa hapa Kigoma ni homa. Mwaka 2006 ilibainika kwamba kliniki za homiopathi za London zilikuwa zikiwapa wasafiri wa kuja nchi zenye malaria punje kama hizi badala ya kinga halisi, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba homiopathi isitumike kutibu malaria, kifua kikuu, UKIMWI, mafua makali wala kuhara kwa watoto. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye malaria hana siku tatu za kusubiri kuona kama punje zitafanya kazi. Akichelewa anaweza kupata degedege, upungufu wa damu, na kufa. Kwa hiyo mwenye homa apimwe, akiwa na vimelea apewe mseto na kumaliza dozi yote, na akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Anayeharisha apewe maji ya ORS na zinki. Bei ya kichupa kimoja cha sukari ingeweza kulipia sehemu ya nauli ya kwenda kituoni.

Mtaniuliza, na najua mtaniuliza, mtoa dawa afanye nini mteja anapokuja na jina la kichupa kwenye karatasi. Wa duka la dawa muhimu ana orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza, na kisicho na usajili hakipaswi kuingia dukani, hapo hakuna mjadala. Kwa mwenye famasi anayeona bado lazima aviweke, ninachodai ni viondoke kwenye kabati la dawa, viwekwe upande wa sabuni na mafuta ya ngozi, visitajwe kwa mwenye homa, na mteja aambiwe kwa Kiswahili chepesi: "Ndani mna sukari, dawa yenyewe haipo." Baada ya hapo akinunua, amenunua akijua. Wenye maswali wanyooshe mikono, tuanzie kwa yule mama aliye karibu na dirisha.