Mfuko wa Sapoti na Kijiti cha Dhahabu 200

Asanteni, kaeni. Wale mliokwisha kunisikia mnajua ninakoelekea, na naona wawili hapo mbele wameanza kucheka kabla sijaitaja Magic Stick, kile kijiti cha dhahabu 200. Chekeni tu. Nitaacha kuisemea siku nitakayoingia kwenye mechi ya Dota 2, mchezo wetu wa kompyuta, nikamkuta sapoti wa upande wetu ameinunua bila kubembelezwa.

Sitawaeleza Dota ni nini. Watano kwa watano, namba 1 ndiye keri anayelishwa dhahabu, namba 5 ndiye sapoti, msaidizi wao, anayeokota makombo. Hayo mnayajua kuliko ratiba ya mitihani yenu. Nataka tubishane juu ya mfuko. Sapoti ndiye mwenye mfuko mdogo kuliko wote uwanjani, halafu ananunua kama keri. Unamkuta mtu na shujaa wake Crystal Maiden, dakika ya 15, ana viatu na dhahabu 1,400 kibindoni. Unamuuliza, unazitunza za nini? Anasema, Blink Dagger, kile kisu cha kurukia. Na huku anakufa! Ukifa kwenye Dota unapoteza sehemu ya dhahabu uliyonayo mkononi, ile uliyokwisha kuigeuza kifaa haiguswi na mtu. Kwa hiyo huyu bwana anaweka akiba kwenye mfuko uliotoboka, na shimo analitoboa mwenyewe, kwa sababu asingekufa hivyo kama angenunua kitu cha kumweka hai.

Haya, twende kwenye kijiti chetu.

Magic Stick ni dhahabu 200. Mechi inaanza una 600, kwa hiyo usiniambie huwezi. Kazi yake ni hii: kila adui unayemwona akitumia skili karibu nawe, kijiti kinapata chaji moja, mpaka 10. Ukikibonyeza, kila chaji inakupa damu 15 na mana 15, ile nguvu ya kutumia skili, papo hapo. Kikijaa ni 150 na 150. Sasa pigeni hesabu nami. Crystal Maiden leveli ya kwanza ana damu kama 500 hivi. Kwa dhahabu 200 umepata zaidi ya robo ya uhai wako, unaitumia kwa kubonyeza mara moja katikati ya vita, bila kusimama, bila kusubiri dawa ifanye kazi polepole, bila kuhofia kwamba ukipigwa itakatika.

Lakini hapa ndipo watu wanaponipotezea subira. Wanakinunua kila mechi au hawakinunui kabisa. Mtazame aliye mbele yako! Ukikutana na Bristleback, ile miiba yake anaweza kuirusha kila baada ya sekunde tatu. Miiba kumi ni nusu dakika. Yaani kila nusu dakika jamaa anakujazia kijiti kwa hiari yake, tena kwa mana yake mwenyewe. Zeus na radi zake ndogo, vilevile. Skywrath Mage ndiyo kabisa, hana kazi nyingine zaidi ya kukurushia. Mbele ya watu hao kijiti kinunuliwe kabla ya viatu, na mkinibishia tutakesha hapa. Ila leni, yaani njia unayoilinda, ikiwa na mashujaa wawili wanaopiga kwa mkono tu, skili moja kwa dakika, kijiti kitakaa na chaji mbili na 200 zako zingefanya kazi kubwa zaidi kwenye dawa. Ni kifaa kilekile, bei ileile. Aliyebadilika ni adui.

Baadaye ongeza vitawi viwili vya dhahabu 50 kila kimoja na karatasi ya kuunganishia ya 150, kinakuwa Magic Wand. Jumla 450. Chaji 20, damu 300, mana 300. Nimemsikia kijana mmoja akisema hiki ni kifaa cha watoto. Mtoto gani? Keri wa timu za kulipwa wanakibeba, wewe wa namba 5 unaona haya.

Najua mnachotaka kusema. "Lakini mwongozo ndani ya mchezo umeniwekea orodha, mimi nafuata." Vizuri. Aliyeandika ile orodha aliiandika akiwa kwake, hajui umekutana na nani. Hajui kwamba upande wa adui kuna Riki anayetembea haonekani kama jini. Umebofya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, Riki amekuua mara nne, na bado unasubiri orodha ikuambie ununue Sentry Ward, jicho la kufichua wasioonekana. Haitakuambia! Sentry ni dhahabu 50. Dust of Appearance, vumbi la kazi hiyohiyo, ni 80. Kwa 130 umemnyang'anya shujaa mzima sababu ya kuchaguliwa kwake. Hakuna biashara nyingine kwenye mchezo ule yenye faida hiyo, na siku nzima nasikia watu wanalalamika kwenye maiki kwamba Riki ni mgumu.

Na Observer Ward, lile jicho la kuonea ramani, siku hizi ni bure. Unakuta yamerundikana dukani, manne, yanasubiri mtu ayachukue, huku timu nzima inaandikiana alama za kuuliza. Jicho moja linakaa dakika sita. Niendelee, maana nikibaki hapa nitakasirika.

Pingamizi la pili, hili nalipenda. "Wataalamu wenyewe hununua kitu kilekile kila mechi." Na mfano wenu ni ule wa mchezo mwingine, League of Legends, mwaka 2017, sivyo? Naujua. Mashindano ya dunia ya mwaka ule yalikuwa China, na kila sapoti alikuwa anakimbilia kifaa kimoja, Ardent Censer. Janna, Ardent. Lulu, Ardent. Watazamaji walichoka. Samsung Galaxy wakaja kuwapiga SK Telecom T1 tatu bila kwenye fainali, Beijing, tarehe 4 Novemba, Faker, nyota wa SK Telecom, akabaki analia kwenye kiti.

Sasa hebu tuulizane Ardent Censer ilikuwa inafanya nini. Ukimponya au kumkinga mwenzako, mwenzako ndiye anapata kasi ya kupiga, na kila akipiga anarudisha damu. Mwenzako! Sapoti mwenyewe hakuongezeka kucha. Wakati ule mchezo ulikuwa umeegemea kwa mpigaji wa leni ya chini, yeye ndiye alikuwa anaamua mechi, kwa hiyo dhahabu iliyomwingia sapoti ikitumika kwa Ardent ilikuwa inapiga kwa mikono ya mtu mwingine. Na mchezaji bora wa fainali ile alikuwa nani? Ruler, mpigaji wa Samsung. Riot, wenye mchezo, wakaja kukipunguza makali. Aliyebaki anakinunua kwa mazoea baada ya hapo, au aliyekinunua akiwa na Leona, shujaa asiye na skili ya kumponya wala kumkinga mwenzake, huyo alikuwa amenakili jibu la mtihani wa mtu mwingine. Kwa hiyo mfano wenu ni wangu. Wale waliangalia timu yao, wakaangalia toleo la mchezo, wakanunua. Kufanana kwao kulitokana na kwamba wote waliulizwa swali moja.

Nani amesema "sapoti ni kazi ya maskini"? Sikia wewe. Johan Sundstein, N0tail, aliyekuwa nahodha wa timu ya OG, alichukua The International, mashindano makubwa ya Dota, mwaka 2018 na akarudia 2019, miaka yote miwili akicheza namba 5. Zawadi za mwaka 2019 peke yake, timu zote pamoja, zilizidi dola milioni 34, na karibu nusu ilikwenda kwa OG. Mtu aliyekuwa na dhahabu kidogo kuliko wenzake ndani ya mchezo! Tuendelee.

Force Staff. Hapa nataka mkae vizuri kwa sababu kuna jambo linalotuhusu sisi tunaocheza kutoka huku. Kifaa hiki kinamsukuma yeyote uliyemchagua, awe mwenzako au adui, hatua 600 kuelekea anakotazama. Anakotazama, jamani. Si unakotaka wewe. Nimeshuhudia keri amegeuka kumpiga adui wa mwisho, sapoti kwa huruma akamsukuma "amwokoe", akamtupa katikati ya maadui wanne. Lawama ilimwangukia keri! Kabla hujabonyeza, tazama pua ya mwenzako imeelekea wapi. Na ukiwa na mazoea na timu yako, mwambie anapokimbia asigeuke nyuma.

Sasa jambo letu. Sisi wa Dar, Mombasa, Kampala, tunachagua seva ya Dubai, au ya Afrika Kusini, au Ulaya usiku ukiwa umetulia. Kote huko ni mbali na pingi yake, yaani muda wa amri kufika, ni ya mbali. Ushauri mwingi wa kununua vifaa umeandikwa na watu ambao seva iko mji wa jirani. Wao wanaona mwenzao amekamatwa na Clockwerk ndani ya yale meno ya chuma, wanabonyeza Force Staff, anatoka. Wewe unabonyeza, amri yako bado iko baharini, mwenzako ameshakuwa kijivu. Ndiyo maana nawaambia, pingi yako ikiwa juu, upendelee kifaa kinachotumika kabla ya balaa kuliko kile cha kuokoa sekunde ya mwisho. Glimmer Cape, kwa mfano, humficha mwenzako na kumpunguzia makali ya uchawi. Unaweza kumwekea anapoanza tu kusogea mbele. Mekansm inaponya kundi zima, na kuwahi au kuchelewa kidogo hakukuharibii kila kitu. Force Staff usiiache kabisa, ila ijifunze kwa kujisukuma mwenyewe, kwa sababu wewe unajua unakoelekea kutazama.

Kuna mwenye kusema hapa kwamba tatizo ni bando na nyaya, vifaa vya mchezo haviwezi kulitibu. Kweli. Lakini nyaya za baharini hazinunuliwi kwa dhahabu, na mimi nimeitwa kuzungumzia dhahabu.

Nimeonyeshwa saa. Dakika tano? Mlisema saa nzima! Haya, kwa haraka.

Wanaojiponya. Alchemist, Huskar, Necrophos. Hao ukiwakuta, mtu mmoja kwenye timu lazima awe na Spirit Vessel, kifaa cha kupunguza uponyaji wa adui, na mara nyingi ni sapoti, na lazima ije mapema, kwa sababu Alchemist wa dakika ya 35 hatakuuliza umenunua nini. Mmoja tu anunue, msinunue watatu, ulizaneni kwanza.

Viatu. Mtu anayezunguka ramani nzima na hahitaji mana nyingi, Tranquil Boots. Ukiwa na wenzako wanaolia mana kila dakika, Arcane Boots, na mkumbuke kuvibonyeza wakiwa karibu. Nimeshaona mtu anavibonyeza peke yake msituni.

Smoke of Deceit, dhahabu 50, inawaficha hata mbele ya majicho ya adui mpaka mkaribie. Mtu wa kuinunua ni wewe. Mtu wa kuwashawishi wenzako waitumie ni wewe pia, na hiyo ndiyo ngumu.

Lotus Orb nilikuwa na mengi ya kusema, naiacha. Aghanim's Scepter naiacha pia, kwa kuwa wengi mkiisikia mtaanza kuweka akiba tena, na tutakuwa tumerudi kwa yule Crystal Maiden mwenye 1,400 kibindoni. Kama mechi imefika dakika ya 45, uko hai, una vifaa vyote vidogo nilivyotaja na bado dhahabu imebaki, hapo nunua hiyo Blink Dagger yako.

Maswali. Wewe mwenye fulana ya kijani. Ndiyo, hata kwenye Mobile Legends mambo ni yaleyale: usimalize Dominance Ice, kifaa chao cha kupunguza uponyaji wa adui, kabla hujaangalia kama upande wa pili kuna mtu anayejiponya. Mwingine.